Ganda la Risasi la Aama

Aama, bibi yangu mzaa baba, alihifadhi ugoro wake ndani ya ganda la risasi. Lilikuwa ganda la shaba, fupi kidogo kuliko kidole cha kati, lililogeuka rangi ya kahawia kwa jasho la viganja vya miaka mingi. Mdomo wake ulizibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi. Jioni, akiwa ameketi nje ya nyumba yetu huku juu Mbulu, aliligonga gotini, akatoa kizibo, akamimina ugoro kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba. Sisi wajukuu tulisubiri apige chafya ndipo tudai hadithi.

Alipofariki, wajomba na mashangazi waligawana mashuka, vibuyu na mbuzi wawili. Ganda likaja kwangu kwa sababu hakuna aliyelitaka. Nililiosha kwa maji ya moto na majivu, na kwenye kitako chake zikajitokeza herufi tatu: DWM. Nikachukua rula ya shule. Urefu milimita 62. Upana wa mdomo, milimita 9 na kidogo.

Vipimo hivyo viwili vinatosha kumwambia mtu mwenye kujua bunduki risasi hii ni ya aina gani, ilitengenezwa wapi na kwa ajili ya nani. Mimi sikujua bunduki. Nilichojua ni hadithi ya Aama, na hadithi yenyewe ilikuwa na swali ambalo hakuwahi kulijibu.

*

Hadithi ni hii. Katika miaka ya 1930, kabla hajamwoa Aama, babu alichukuliwa kibarua na mkulima mmoja wa kahawa, Mjerumani, kutoka upande wa Oldeani. Kazi ilikuwa kubeba mizigo katika safari ya kuwinda kushuka bonde la Yaeda. Siku ya tatu waliona kundi la pofu kwenye mbuga, chini ya migunga. Mzungu akapiga dume moja. Pofu akatikisika, akakimbia na wenzake, akapotea vichakani.

Waliufuata mtiririko wa damu hadi jua lilipokuwa utosini. Kisha Mzungu akasema amechoka, akarudi kambini. Babu na kijana mmoja wa Kihadzabe waliokuwa naye wakaendelea. Walilala porini bila chakula. Kesho yake mchana walimkuta pofu amekwisha kufa, fisi wameshamla sehemu ya nyuma. Risasi ilikuwa imeingia nyuma ya mbavu, tumboni. Babu alirudi na nyama waliyoweza kuibeba, na ganda aliloliokota pale Mzungu aliposimama.

Sehemu ya pili ni fupi. Takribani miaka 20 baadaye, babu naye alimpiga pofu, kwa mshale wa sumu. Alimfuata, akampata, akamchinja, akawagawia majirani nyama. Mtu mmoja akapeleka habari. Mahakama ikamtoza faini ya ng'ombe wawili kwa kuwinda bila leseni na kwa kutumia silaha iliyokatazwa, kwa kuwa sumu ilihesabiwa kuwa ukatili kwa mnyama.

"Sasa," Aama alimalizia, akiziba ganda lake, "yule wa kwanza nani alimlipia?"

*

Risasi ya Aama inaitwa 9.3x62. Namba ya kwanza ni kipenyo cha risasi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda. DWM ni kifupi cha jina la kiwanda kikubwa cha silaha na risasi cha Ujerumani. Mbunifu wake alikuwa Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliyeitoa mwaka 1905. Bock hakuwa akifikiria nguruwe mwitu wa misitu ya Ujerumani tu. Alikuwa na wateja waliokwenda makoloni, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwemo, na wateja hao walikuwa na shida mahususi.

Shida ilikuwa bei na uzito. Mwaka 1898, John Rigby wa London alitoa risasi ya .450 iliyotumia baruti mpya isiyo na moshi, na kutoka hapo Waingereza wakaunda ukoo mzima wa risasi kubwa za tembo na nyati. Ile ya .470, kwa mfano, ina kipande cha risasi chenye uzito wa gramu 32. Bunduki zake zilikuwa za mitutu miwili, zilizotengenezwa kwa mkono, moja moja. Zilinunuliwa na malodi na matajiri. Mkulima aliyekopa fedha kupanda kahawa hakuweza hata kuziota.

Upande mwingine kulikuwa na bunduki za kijeshi za Mauser, rahisi, imara, zilizopatikana kila mahali. Lakini risasi zake zilikusudiwa binadamu wa kilo 70. Bock alichofanya ni kuchukua mtambo ule ule wa Mauser na kuutengenezea ganda nene zaidi lenye risasi nzito, gramu 18.5, inayotoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde. Hakuna kiungo maalumu kilichohitajika. Mkulima akapata bunduki moja ya bei nafuu iliyoweza kumlisha swala na, ikibidi, kumwokoa kwa nyati. Risasi ile ikaenea koloni zima. Miaka 7 baadaye, mwaka 1912, Holland & Holland wa London wakatoa .375 yao, yenye uzito wa gramu 19.4 na kasi kubwa zaidi, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kipimo cha kawaida Afrika Mashariki ya Waingereza.

Kwa hiyo yule mkulima wa Oldeani hakubeba risasi dhaifu. Alibeba risasi iliyobuniwa kwa ajili ya watu kama yeye, mahali kama hapa, kwa mnyama kama yule. Tumbo la pofu lilipasuka kwa sababu nyingine.

*

Jina la pofu nalo limesafiri. Huko Ulaya ya kaskazini kuna mnyama mkubwa wa misituni, jamii ya ayala, mwenye pembe pana kama makoleo. Waingereza wa Ulaya humwita elk. Waholanzi humwita eland. Waholanzi walipofika Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17 wakamwona swala mkubwa kuliko wote, mwenye shingo ya fahali na nundu begani, wakampa jina la mnyama wa kwao. Waingereza wakalichukua jina hilo kama lilivyo. Wakati huo huo Waingereza waliohamia Amerika waliona ayala mwingine kabisa, wakamwita elk. Hivyo wanyama watatu, katika mabara matatu, wanachangia jina moja lililotolewa na watu waliokuwa wakiikumbuka kwao.

Kiswahili kikamwita pofu, neno lile lile la asiyeona. Sijui mtoto yeyote wa Mbulu ambaye hakuwahi kuuliza kama pofu haoni. Anaona sana. Dume huweza kufikisha kilo 900, na bado likaruka kichaka chenye urefu wa mtu. Likitembea, miguu yake hutoa mlio mkavu wa kugonga unaosikika mbali usiku. Nyama yake ni nyingi na ina mafuta, jambo adimu kwa mnyama wa porini. Mtu aliyempata pofu amepata chakula cha kijiji.

Wawindaji wa Marekani wamebishana karibu karne nzima juu ya risasi ya kumwindia elk wao, mnyama wa kilo 300 hivi. Katika majarida yao ya karne iliyopita, Jack O'Connor alitetea risasi ndogo yenye kasi, .270 iliyotoka mwaka 1925. Elmer Keith alimpinga kwa ukali, akitaka risasi nzito na pana. Ukisoma hoja zao unagundua kwamba mabishano hayo yalikwisha kupiganwa Afrika Mashariki kabla yao.

Mskoti W.D.M. Bell, aliyepewa jina la utani "Karamoja" kwa sababu ya kuwinda kwake Karamoja, kaskazini ya Uganda ya leo, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wao aliwaua kwa risasi ya milimita 7 ya Mauser, yenye uzito wa gramu 11 tu, karibu theluthi moja ya zile za mitutu miwili ya London. Alipasua vichwa vya tembo waliokufa ili ajue ubongo unakaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Alitumia risasi ngumu, iliyofunikwa kote, isiyopanuka wala kupinda, ili ipenye mfupa moja kwa moja. Aliamini kwamba kinachoua ni mahali risasi inapofika. Ukubwa wake ni jambo la pili.

Wengi waliomwiga bila kuwa na mkono wake waliacha tembo waliojeruhiwa nyuma yao. Hilo ndilo lililowafanya maofisa wa wanyamapori kutaka kiwango cha chini cha risasi kiandikwe kwenye sheria. Mpaka leo nchini Tanzania, mwindaji wa kitalii anayemtaka nyati, tembo au simba anatakiwa kuwa na bunduki ya .375 au zaidi.

Kuna jambo jingine ndani ya risasi, nalo ni ncha yake. Risasi ya ncha laini, yenye madini ya risasi yaliyoachwa wazi mbele, hufunguka kama uyoga ikiingia mwilini. Jeraha lake ni pana na mnyama hufa haraka. Majeshi ya Waingereza yalizitumia vitani, zikajulikana kwa jina la Dum Dum, kiwanda cha silaha karibu na Calcutta. Mwaka 1899 mkutano wa The Hague ukazipiga marufuku katika vita baina ya mataifa yaliyotia saini, kwa hoja kwamba zinamtesa binadamu kupita kiasi. Kwa swala zikabaki kuwa ndizo risasi za huruma. Kwa kifaru na tembo hazifai, maana hufunguka kwenye ngozi kabla ya kufika ndani. Hata kwa mnyama wa kati zinaweza kushindwa. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alimpiga mara kadhaa mnyama yule yule ambaye Waholanzi humwita eland, huko British Columbia, na risasi zake zikavunjika juu juu bila kupenya. Alirudi nyumbani akabuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunguka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusafiri.

Hayo yote, kutoka Rigby hadi Nosler, yalikuwa majibu ya swali moja: mnyama huyu, kwa umbali huu, afe vipi haraka? Ni swali zuri. Kinachonisumbua ni nani aliyeruhusiwa kulijibu.

*

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya na washirika wao yalitia saini Mkataba wa Brussels. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mna vifungu juu ya silaha: kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa na risasi zake zisiuzwe kwa wenyeji. Kilichoachiwa biashara ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Mbulu na Hanang ziko nyuzi 4 kusini. Kwa hiyo miaka 15 kabla ya Otto Bock kuketi kwenye meza yake Berlin, ilikuwa imekwisha amuliwa kwamba mtu wa Mbulu akipata bunduki itakuwa gobore.

Hebu fikiria gobore. Unamimina baruti mdomoni, unashindilia kitambaa, unatia goroli ya risasi au kipande cha nondo, unashindilia tena. Mvua ikinyesha, haiwaki. Mtutu hauna mifereji, kwa hiyo goroli haizunguki, na zaidi ya mita 50 hujui itakwenda wapi. Halafu soma ripoti za zama za ukoloni zinazolalamika kwamba Waafrika hujeruhi wanyama na kuwaacha.

Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za kwanza za uwindaji za koloni la Wajerumani, zilizodai leseni na kutenga maeneo ya hifadhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliendeleza mkondo huo. Mwaka 1933 mkutano uliofanyika London ukatoa mkataba wa kuhifadhi wanyama na mimea ya Afrika. Miongoni mwa njia za uwindaji zilizolaaniwa ni taa za kupofusha, nyavu, mashimo, na silaha zenye sumu.

Mwaka huo huo, Desemba, Ernest Hemingway alishuka Afrika Mashariki na bunduki yake ya Springfield yenye risasi ya .30-06. Safari yake ilipita kando ya Ziwa Manyara na Babati, jirani kabisa na milima yetu, na ikazaa kitabu kilichotoka mwaka 1935. Ni kitabu cha mtu anayekiri kwamba alimjeruhi mnyama akampoteza, na kwamba jambo hilo lilimkosesha usingizi. Nilipokisoma chuoni nilimheshimu kwa hilo. Pia nilijiuliza ni nani, mwaka ule, alikuwa akikesha kwa ajili ya pofu wa Yaeda.

*

Sasa nirudi kwenye mshale wa babu, kwa sababu sumu ile hakuitengeneza mwenyewe. Aliinunua kwa tumbaku kutoka kwa Wahadzabe.

Wahadzabe wameishi kuzunguka Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda kwa muda ambao hakuna hati inayoweza kuupima. Watafiti wameandika juu yao tangu zama za ukoloni: Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen miaka ya 1930, Mwingereza James Woodburn kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Mmarekani Frank Marlowe baadaye. Wote walitumia kurasa nyingi kueleza podo la mwindaji mmoja, maana ndani ya podo kuna uchaguzi ule ule wa O'Connor na Keith.

Kuna mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha, wa ndege, pimbi na wanyama wadogo. Kuna wenye chuma kipana chenye makali, usio na sumu, unaoua kwa kukata na kumwaga damu. Na kuna wa sumu kwa wakubwa: pundamilia, nyati, twiga, pofu. Chuma chake ni chembamba, chenye vijino vya kuzuia kisitoke, na kimechomekwa mwishoni mwa mshale ili mti uweze kudondoka huku ncha ikibaki mwilini. Sumu hutoka kwenye mti mfupi wenye shina nene na maua ya waridi unaoota kwenye mawe makavu, au kwenye mbegu za mti mwingine wa jamii hiyo. Huchemshwa hadi iwe nzito kama lami, ikapakwa, kisha ikafungwa kwa utepe wa ngozi isikauke. Ikiingia damuni hushambulia moyo.

Mshale haufikishi hata sehemu moja ya ishirini ya nguvu ya 9.3x62. Hautegemei kuvunja kitu. Kwa hiyo mwindaji lazima afike karibu, mara nyingi hatua 20 au 30, na lazima ajue namna ya kusubiri. Akishapiga hakimbilii. Anaangalia mnyama ameelekea wapi, anaokota mti wa mshale, anatazama damu, halafu anarudi kambini. Baadaye wanakwenda kundi zima kufuata nyayo. Nyama ya kuzunguka jeraha hukatwa na kutupwa, iliyobaki huliwa. Sehemu fulani za mnyama mkubwa ni za wanaume waliokwisha kupita mila ya epeme, na hakuna mtu mwingine anayezigusa.

Je, pofu aliyepigwa mshale anateseka? Anateseka, na sioni haja ya kulipamba. Anakwenda na sumu mwilini mpaka moyo umshinde. Lakini tukitumia kipimo cha sheria yenyewe, yaani mateso ya mnyama na kupotea kwa nyama, basi ilipasa kuuliza pia juu ya risasi ya tumboni na mwindaji aliyechoka kabla ya saa saba mchana. Sheria iliangalia silaha. Haikuangalia kama mtu alifuata alichokipiga.

*

Ng'ambo ya bonde, chini ya Mlima Hanang wenye mita zaidi ya 3,400, Wabarabaig wa jamii ya Wadatoga walikuwa na jibu jingine. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi nao miaka ya 1950, ameeleza jinsi kijana aliyemuua simba au tembo kwa mkuki alivyopita kwa ndugu akipewa ng'ombe za heshima. Mkuki unahitaji umbali wa pumzi. Waliofanya hivyo walikuwa na makovu ya kuonyesha, na wengine hawakurudi.

Lakini wanyama wa Hanang hawakumalizwa na mikuki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, uwanda wa Basotu ulianza kulimwa ngano kwa mashine, kwa msaada wa Kanada, chini ya shirika la umma la kilimo. Mashamba saba yalimeza takribani ekari 100,000 za malisho bora kabisa, pamoja na njia za mifugo na makaburi ya wazee. Wabarabaig walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kikashindwa katika rufaa. Ambako pofu na ng'ombe walilisha pamoja pakawa mstari mmoja wa ngano hadi upeo wa macho. Hakuna kiwango cha chini cha risasi kilichowekwa kwa jembe la trekta.

Kwa Wahadzabe mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine. Mwaka 1965 Serikali iliwakusanya wengi wao Yaeda Chini, wapewe nyumba, majembe na shule. Maradhi yakaenea katika msongamano ule, watu wakafa, waliobaki wakarudi porini. Mwaka 1973 nchi ilisimamisha uwindaji wa kitalii, ukafunguliwa tena mwaka 1978 chini ya shirika la umma. Na mwaka 2007 bonde la Yaeda lenyewe likawa karibu kukodishwa kwa kampuni ya uwindaji kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu. Wageni wangekuja na .375 zao, halali kabisa, kuwinda pofu ambaye Mhadzabe angekamatwa kwa kumpiga. Baada ya kelele za ndani na nje ya nchi, kampuni ikajitoa mwishoni mwa mwaka huo.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya jamii nzima, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, ambalo Edward Loure wake alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya namna hiyo. Ni karatasi, na karatasi inaweza kupuuzwa. Wafugaji wenye kiu na wakulima wenye njaa wanaendelea kushuka bondeni, na miongoni mwao wamo watu wa ukoo wangu. Hilo nami nalibeba. Sisi Wairaqw tulikuwa wengi, milima ikajaa, tukashuka. Kila shamba jipya la vitunguu au mahindi ni sehemu moja zaidi ambako mshale hauna kazi.

*

Mwaka jana nilishuka Yaeda na rafiki anayefanya kazi huko. Mfukoni nilikuwa na ganda. Tulimkuta mzee mmoja chini ya mbuyu, akitengeneza ncha ya mshale. Alikuwa na msumari mrefu wa kuezekea, jiwe la chini na nyundo ya chuma. Hakuwa na moto. Aligonga msumari ukiwa baridi, polepole, akiugeuza baada ya kila pigo, mpaka ubavu wake ukaanza kuwa bapa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni."

Tuliketi. Tuliongea juu ya mvua, juu ya barabara, juu ya ng'ombe walioingia kwenye chemchemi wiki ile. Kisha nikatoa ganda, nikamsimulia habari za babu, pofu na yule kijana wa Kihadzabe ambaye jina lake Aama hakuwahi kulijua. Nilitarajia nini? Labda kwamba atasema alimfahamu. Labda kwamba atanipa jibu la kumpelekea Aama.

Mzee alilipokea ganda, akalinusa. Akacheka. "Tumbaku," alisema. Akauliza walimfuata kwa siku ngapi.

"Mbili."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayesikia kazi ya fundi mwingine. Akauliza mbavu zilikuwa upande gani, upepo ulitoka wapi, kama damu ilikuwa nyekundu au nyeusi. Sikujua. Hadithi yangu ilikuwa na swali la haki ndani yake, na haikuwa na upepo.

Akaweka ganda juu ya jiwe na kuligonga mara moja kwenye mdomo, kwa upole, kupima. Shaba ikabonyea papo hapo. Akalikunja uso, akanirudishia.

"Laini," alisema. "Hii haifai." Kisha akaokota msumari wake akaendelea.